Unakunywa nini, na saa ngapi? Mwongozo kwa mwenye kipandauso, macho yanayomulika au masikio yanayovuma

Maswali ni yale yale. "Nikiacha kahawa, kipandauso kitaisha?" "Mbona bia mbili tu, kesho yake kichwa kinapasuka upande mmoja?" "Masikio yanavuma, nipunguze chai?" "Naona vimulimuli machoni, ni soda?" Na majibu anayopewa muulizaji yanagongana: mmoja anamwambia anywe maji mengi, wa pili aache kahawa, wa tatu aongeze kahawa.

Jibu moja la watu wote halipo, maana kinywaji kinachomlaza huyu kitandani kwa mwenzake hakifanyi kitu. Unachoweza ni kujipima mwenyewe, kwa daftari na saa. Nasisitiza saa. Wengi huandika walichokunywa bila kuandika walikunywa lini, halafu lawama zote zinaiangukia chupa ya mwisho waliyoishika, hata kama haihusiki kabisa.

## Kwanza: wasiopaswa kuanza na daftari

Ukiwa na mojawapo ya haya, acha kusoma uende hospitali leo:

- Kichwa kimeuma ghafla na kufika kilele ndani ya dakika moja, maumivu ambayo hujawahi kuyapata.
- Mkono, mguu au upande wa uso umelegea, au maneno hayatoki sawasawa.
- Kichwa pamoja na homa na shingo ngumu. Homa bila shingo ngumu nayo isikuache nyumbani: pima malaria badala ya kukisia.
- Una mimba au umejifungua karibuni, kichwa kinauma na unaona nyota au ukungu. Hizo ni dalili za hatari za kifafa cha mimba. Presha ipimwe leo leo.
- Jicho ni jekundu, linauma sana, unaona duara za rangi kuzunguka taa na unatapika. Presha ya jicho ikipanda ghafla hufanana na kipandauso, lakini hii inapofusha.
- Jicho moja limeingia giza.
- Sikio moja limepoteza usikivu ghafla, ndani ya siku moja hadi tatu. Watu hungoja wakidhani ni nta. Matibabu yake hufaa zaidi yakianza mapema, katika wiki mbili za mwanzo.
- Umekunywa gongo, chang'aa au pombe usiyoijua ilikotoka, na sasa macho yanaona ukungu.

Hilo la mwisho nalirefusha kwa sababu watu wanauawa na imani kwamba ni mning'inio wa kawaida, yaani ule uchovu wa baada ya ulevi. Pombe iliyochanganywa na methanoli, pombe ya viwandani yenye sumu, humlewesha mtu kama pombe nyingine. Analala. Dalili za sumu mara nyingi huja muda wa saa 12 hadi 24 baadaye: kichwa, tumbo, kutapika, kuhema kwa haraka, na macho yanayoona weupe au ukungu kila upande. Methanoli yenyewe haijafanya kitu kikubwa hadi hapo. Ini ndilo linaloigeuza kuwa asidi ya fomiki, na asidi hiyo ndiyo inayoshambulia mshipa wa fahamu wa jicho. Nchini Kenya, pombe ya kumi kumi iliua watu zaidi ya mia moja jijini Nairobi Novemba 2000, na Mei 2014 pombe ya aina hiyo iliua makumi katika kaunti kadhaa, zikiwamo Embu na Kitui. Miongoni mwa walionusurika wako waliobaki vipofu. Hospitali ina dawa za kulizuia ini lisiendelee kuigeuza methanoli, na zinasaidia zaidi mtu akiwahi. Usizimue kwa supu, usilale ukingoja, na wapigie simu wote mliokunywa pamoja.

## Unachohitaji

Daftari dogo linaloingia mfukoni. Simu inafaa pia, ila kipandauso kikianza mwanga wa kioo utakuchoma macho, na hapo ndipo unapohitaji kuandika.

Chupa moja ya maji ambayo ujazo wake unaujua, na kikombe kimoja utakachokitumia kila siku. Ukibadilisha vikombe, hesabu inapotea.

Orodha ya dawa zote unazomeza: za hospitali, za duka la dawa, za mitishamba, na vidonge vya uzazi wa mpango.

Kipimo cha presha, hata mara moja tu zahanati, na cha macho kama una zaidi ya miaka 40 na hujapima kamwe.

Mtu mmoja wa nyumbani anayejua unachofanya. Atakuandikia saa shambulio lilipoanza wakati wewe umejifunika shuka gizani.

Na muda. Wiki nne za kuangalia tu, kisha wiki nyingine nane au zaidi za kujaribu. Asiyekuwa na subira hiyo aende moja kwa moja kwa daktari, wala si kosa.

## Hatua ya 1: Ziite dalili kwa majina yake

"Kichwa kinauma na macho yanasumbua" hakimsaidii mtu. Tenganisha.

Kichwa. Kipandauso kwa mtu mzima, kisipotibiwa, hudumu saa 4 hadi 72. Mara nyingi ni upande mmoja, kinapwita, ukipanda ngazi kinazidi, unachefukwa, mwanga na kelele havivumiliki. Kichwa kinachobana pande zote bila kichefuchefu, na ambacho hakikuzuii kufagia uwanja, huenda si kipandauso.

Macho. Karibu mtu mmoja kati ya wanne wenye kipandauso huona aura: mistari ya zigizaga inayometa, au doa tupu linalotanuka taratibu. Hukua kwa dakika 5 au zaidi na kuisha ndani ya saa moja, kisha kichwa kikafuata, au kisifuate. Wakati inaendelea funika jicho la kulia, kisha la kushoto. Ikionekana kwa macho yote mawili, chanzo chake ni ubongo na si jicho, kwa sababu ni wimbi linalopita polepole, milimita 3 hivi kwa dakika, juu ya sehemu ya ubongo inayoshughulikia kuona. Ikionekana kwa jicho moja tu, nenda kwa daktari wa macho. Giza linaloshuka ghafla kama pazia si aura.

Masikio. Andika ni lipi kati ya haya: kuvuma, kuziba, kusikia kwa shida, au kizunguzungu cha nyumba kuzunguka. Kipandauso kinaweza kuleta kizunguzungu cha dakika 5 hadi saa 72, mara nyingine bila kichwa kuuma kabisa. Ugonjwa wa Menière, uliopewa jina la daktari Mfaransa aliyeueleza mwaka 1861, huleta kizunguzungu cha dakika 20 hadi saa 12 pamoja na usikivu unaopanda na kushuka, sikio kujaa na kuvuma. Kuutenganisha na kipandauso ni kazi ya daktari wa masikio, lakini bila wewe kuandika dakika hana pa kuanzia.

Kosa la kawaida hapa: kuvuma kwa masikio kulikoanza baada ya kwinini, sindano za gentamisini (antibiotiki) au aspirini nyingi kunaandikwa kama kuvuma kwa chai. Sababu ni dawa. Mrudie aliyekuandikia dawa hiyo.

## Hatua ya 2: Andika wiki nne bila kubadilisha chochote

Kunywa kama ulivyozoea. Ndiyo, hata bia. Ukianza kujirekebisha siku ya kwanza hutajua kamwe ulikuwa wapi.

Kila siku andika: saa ya kuamka na kulala, kila kinywaji, kiasi chake na saa yake, saa za kula, dawa, hedhi kwa mwanamke, dalili, saa ya kuanza na saa ya kuisha. Mstari mmoja unatosha. Mfano:

"Jumanne. Niliamka 12 asb. Chai ya rangi vikombe 2, saa 1 asb, bila kitafunwa. Maji nusu lita hadi saa 7 mchana. Chakula saa 8. Miayo na kiu kuanzia saa 9. Zigizaga saa 11 jioni, dakika 25. Kichwa kushoto saa 12 jioni. Panadol Extra 2."

Angalia saa unazotumia. Simu inasema 19:00, wewe unaandika saa 1 usiku, na mwenzako nyumbani anaandika 7. Chagua mtindo mmoja na ongeza asubuhi, mchana, jioni au usiku kila mara. Nimeona madaftari mazuri yakiharibika hivi, tofauti ya saa sita ikageuza kahawa isiyo na hatia kuwa mshitakiwa.

Usingoje jioni kuandika ya asubuhi. Kumbukumbu ya mwenye maumivu ina tabia ya kutafuta mchawi.

## Hatua ya 3: Soma kinyumenyume

Wiki nne zikiisha, chukua kila shambulio na urudi nyuma kwa saa. Vipindi vya kutazama ni hivi:

- Sekunde au dakika chache: kinywaji cha barafu. Maumivu makali ya paji la uso yanayoisha upesi. Wenye kipandauso huyapata zaidi kuliko wengine. Kunywa taratibu, basi.
- Ndani ya saa 3: pombe inayochokoza moja kwa moja.
- Saa 5 hadi 12 baada ya pombe: mning'inio, ambao kwa mwenye kipandauso unaweza kuvaa sura ya kipandauso kamili.
- Saa 8 au zaidi bila chakula: njaa. Chai tupu haihesabiki kuwa chakula.
- Saa 12 hadi 24 tangu kahawa au chai ya mwisho: mwili unadai kafeini.

Kisha geuka upande wa pili, hapa wengi hawafiki. Hesabu siku ulizokunywa kitu hicho hicho na usiumwe. Ukinywa soda siku ishirini na kichwa kikauma siku tatu kati ya hizo, soda haijathibitika. Huko Leiden, Uholanzi, watafiti waliwauliza zaidi ya wagonjwa 2,000 wa kipandauso kuhusu pombe. Mvinyo mwekundu ndio uliotajwa zaidi kama mchokozi, lakini waliosema unawaletea shambulio kila mara hawakufika mmoja kati ya kumi.

Kuna mtego mwingine. Shambulio la kipandauso huanza kabla ya maumivu, mara nyingine siku moja au mbili kabla: miayo, kiu, hasira bila sababu, kukojoa mara kwa mara, hamu ya vitu vitamu. Mtu anatamani soda, anakunywa, baada ya saa tatu kichwa kinauma. Anaapa ni soda. Huenda soda ililetwa na shambulio, badala ya shambulio kuletwa na soda. Ndiyo maana kwenye mfano wa hapo juu "miayo na kiu" vimeandikiwa saa yake.

## Hatua ya 4: Tengeneza maji na kifungua kinywa kwanza

Kabla ya kuigusa kahawa, weka sawa haya mawili kwa wiki mbili. Kula ndani ya saa moja tangu kuamka, hata kama ni kiazi au kipande cha mkate. Sambaza maji kutwa nzima. Mwongozo wa Ulaya unakadiria lita 2 kwa mwanamke na 2.5 kwa mwanamume kwa siku, zikiwamo zile zilizo ndani ya chakula, chai na supu. Kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa, au kazini juani, utahitaji zaidi. Mkojo uwe wa njano hafifu. Ukiwa rangi ya chai, uko nyuma.

Usiyamimine maji lita nzima kwa mkupuo. Madaktari wa macho wamewahi kutumia njia hiyo hiyo kama kipimo: mtu akinywa lita moja ndani ya dakika tano, presha ya jicho hupanda kwa muda, na kwa mwenye glakoma (ugonjwa wa presha ya macho) hupanda zaidi. Kama umeambiwa una presha ya macho, glasi moja moja. Wenye ugonjwa wa moyo au figo waliopangiwa kiasi cha maji wafuate cha daktari wao, si cha mwongozo huu.

Wako watu ambao safari yao inaishia hapa. Kipandauso chao kilikuwa njaa na kiu zilizovaa kofia ya chai ya rangi.

## Hatua ya 5: Hesabu kafeini, kisha ipunguze polepole

Kafeini ni rafiki wa pande mbili: kiasi kidogo huongeza nguvu ya dawa ya maumivu, ndiyo maana imewekwa ndani ya Panadol Extra; ikizoeleka kila siku, ukiikosa inakuadhibu. Makadirio ya miligramu:

- Kahawa ya kuchuja, kikombe kikubwa: kama 95
- Kahawa ya papo hapo: kama 60
- Chai ya majani, iwe ya rangi au ya maziwa: 40 hadi 50
- Soda ya kola, ml 330: kama 35
- Kopo la enaji la ml 250: 80
- Panadol Extra, kidonge kimoja: 65

Kahawa chungu ya kijiweni haina kipimo, kila muuzaji na mkono wake, kwa hiyo hesabu vikombe na ukae kwa muuzaji mmoja. Tangawizi haipunguzi kafeini. Maziwa pia. Soda za machungwa na za ndimu kwa kawaida hazina.

Anayezidi miligramu 200 kwa siku kwa zaidi ya wiki mbili kisha akaacha ghafla anaweza kuumwa kichwa ndani ya siku moja. Kitaisha ndani ya wiki, au ndani ya saa moja akinywa kahawa tena. Wengi huchagua hilo la pili, wakahitimisha kwamba kahawa ni dawa yao na hawawezi kuishi bila hiyo.

Fanya hivi: toa robo ya jumla yako, kaa hapo siku tano, toa robo nyingine. Anza kutoa vya jioni, maana nusu ya kafeini hubaki mwilini kwa takribani saa 5 na usingizi mbovu ni mchokozi kuliko kahawa yenyewe. Lengo si lazima sifuri. Wengi wanatulia kwenye kikombe kimoja au viwili, saa ile ile kila siku, Jumapili ikiwemo. Anayekunywa vinne kazini na kuamka saa nne Jumapili bila kimoja ndiye mwenye "kipandauso cha wikendi".

Mjamzito asizidi miligramu 200 kwa siku.

Kwa wanaovuma masikio: kuacha kahawa ghafla ili masikio yatulie kumejaribiwa Bristol, Uingereza, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 hayakuonyesha nafuu, ila walioacha walipata maumivu ya kichwa na kichefuchefu cha kuikosa. Ukitaka kupunguza kwa sababu ya usingizi, sawa. Kwa ajili ya mvumo peke yake, sikutumi huko.

Ramadhani. Kichwa cha siku za kwanza za mfungo kina sura mbili, njaa na kafeini, na ya pili inazuilika. Anza kupunguza wiki mbili kabla, mwezi wa Shaabani, ukianza na kahawa ya mchana. Ukiingia mwezini, kikombe kimoja cha kahawa wakati wa daku kinaweza kukuvusha hadi alasiri. Baada ya futari usilipe deni la kutwa kwa vikombe vitano, utaikosa usingizi na daku pia. Mwenye mashambulio makali aongee na daktari kabla ya mwezi kuandama, maana ziko dawa za kinga, za kuzuia mashambulio, zinazomezwa mara moja kwa siku.

## Hatua ya 6: Pombe

Asiyekunywa aruke hatua hii.

Wiki nne bila pombe kabisa, ukiendelea kuandika. Mashambulio yasipopungua, pombe haikuwa tatizo kuu (mengine yote ya pombe yako palepale, hayo hayahusu daftari hili). Yakipungua, rudi na aina moja, kiasi kidogo, baada ya kula, glasi ya maji kati ya kinywaji na kinywaji. Kaa na aina hiyo mara tatu, siku tofauti, ambazo umelala vizuri. Ukichanganya bia, konyagi na mvinyo usiku mmoja hujifunzi chochote. Mnazi, mbege na ulanzi ni vigumu kuvipima kwa sababu ukali wake hubadilika kadiri vinavyokaa. Mnazi wa asubuhi na wa jioni ni vitu viwili.

Kitanda kuzunguka ukiwa umelewa kina maelezo yake, nayo yako sikioni. Ndani ya sikio kuna vifereji vya majimaji na ndani yake utando mdogo unaopinda kichwa kinapogeuka. Pombe ni nyepesi kuliko maji, na huingia kwenye utando kabla ya kuingia kwenye majimaji. Ukilala, utando uliokuwa mwepesi unaelea, ubongo unaambiwa unazunguka. Baada ya saa kadhaa pombe inatoka kwa mpangilio ule ule, hali inageuka kinyume, na kizunguzungu cha alfajiri kinakuja wakati pombe imekaribia kuisha kwenye damu. Bia ya kuzimua humtuliza mtu kwa sababu inairudisha hali nyuma, inaahirisha. Kwa hiyo kizunguzungu cha usiku wa pombe na asubuhi yake kiandike peke yake, usikijumlishe na kile kinachokujia siku kavu. Cha siku kavu ndicho cha daktari.

Usimeze dawa ya usingizi au amitriptilini (mojawapo ya dawa za kinga ya kipandauso) pamoja na pombe.

## Hatua ya 7: Mjaribu mshukiwa mmoja

Umebaki na kinywaji kimoja kinachoshukiwa. Kiache wiki nne. Kirudishe mara tatu, siku ambazo hakuna hedhi, mkesha wala safari. Mara tatu zote kikikuangusha ndani ya muda ule ule, umempata. Mara moja kati ya tatu, mwache huru, au kinywe tu siku ambazo umekula na kulala. Wachokozi hujumlishana: mvinyo peke yake huenda usifanye kitu, mvinyo pamoja na njaa na usingizi wa saa nne ukakulaza.

## Hatua ya 8: Nenda na daftari

Chukua ukurasa mmoja wa muhtasari: siku ngapi za kichwa kwa mwezi, siku ngapi umemeza dawa, aura ipo au haipo, sikio lipi. Daktari mwenye foleni ndefu hatasoma kurasa themanini.

Mwanamke mwenye aura aseme waziwazi kama anatumia vidonge vya majira. Vyenye estrojeni, yaani vile vya mchanganyiko, haviendi na kipandauso chenye aura, kwa sababu hatari ya kiharusi huongezeka. Zipo njia nyingine zisizo na estrojeni. Hili ni kubwa kuliko kahawa na soda zote zilizotajwa humu.

## Mambo yakikwama

Nimeacha kahawa wiki mbili, kichwa bado kila siku. Hesabu vidonge. Ukimeza Panadol Extra mbili asubuhi na mbili jioni, umekunywa miligramu 260 za kafeini bila kikombe. Na dawa zenyewe zinaweza kuwa ndizo zinazoumiza: dawa za mchanganyiko kama Panadol Extra siku 10 au zaidi kwa mwezi, au paracetamol tupu siku 15 au zaidi, kwa zaidi ya miezi mitatu, huzaa maumivu ya kila siku. Mwone daktari akupangie namna ya kuziacha.

Nakunywa maji mengi, hakuna tofauti. Basi kiu haikuwa mchokozi wako. Rudi kwenye kiasi cha kawaida, hakuna faida ya kuongeza ndoo.

Zigizaga zinakuja bila kichwa kuuma. Hutokea. Zikikuanza kwa mara ya kwanza baada ya miaka 50, usiziite kipandauso kabla daktari hajakuona.

Mchokozi anabadilika kila wiki. Tazama safu ya usingizi na ya hedhi kabla ya safu ya vinywaji. Mara nyingi ndiko jibu lilipo.

Masikio yanavuma kila siku, hayafuati kinywaji chochote. Kapime usikivu. Ukifanya kazi karibu na jenereta, mashine ya kusaga au spika za muziki, mwambie daktari hilo kwanza.

Natafuna mirungi pia. Iandike kama kinywaji, na saa yake. Ndani ya kikao kimoja kuna majani, soda, kahawa, kukosa chakula na kukesha. Ukitaka kujua kipi kinakuumiza, punguza vingine vyote kwanza, ukianza na mkesha.

Nimepewa dawa ya kinga, niache kuandika? Endelea. Dawa hizo hupimwa baada ya miezi miwili hadi mitatu kwenye dozi kamili, na wengi huziacha wiki ya tatu wakisema hazifanyi kazi. Siku ya kliniki peleka muhtasari wa mwezi wa kabla ya dawa na wa mwezi wa tatu, uviweke mezani pamoja.